Samaki Aliyemuuma Baba

Baba alivua samaki katika Ziwa Victoria tangu akiwa kijana asiye na ndevu mpaka mguu wake wa kushoto ulipokatwa chini ya goti. Mashua ilimpindukia mara nyingi kuliko alivyopenda kusimulia. Kuna mwaka mamba alimkosa kidogo tu, upande wa Takawiri. Aliyekuja kumuua ni samaki wa kufugwa, ndani ya nyumba yangu Migori mjini, kwenye sebule yenye zulia na vitambaa vya kochi nilivyoshona mwenyewe.

Naandika kwa sababu nyumbani kwetu kisiwani Rusinga watu wameshalisimulia jambo hili kwa namna zao. Wapo wanaosema yule hakuwa samaki. Wapo wanaosema mume wangu, ambaye ni Mkuria, alileta kitu cha kwao kuja kummaliza mkwewe. Mume wangu hajawahi kujibu maneno hayo. Mimi nayajibu hapa.

Mume wangu ni fundi wa friji. Mimi nashona sare za shule, cherehani yangu iko barazani. Kwa kuwa mimi ni Mjaluo na yeye ni Mkuria, nyumba yetu inaongea Kiswahili. Baba alikijua vizuri. Alikiokota visiwani akivua pamoja na watu wa Tanzania, na alikisema taratibu, kama mtu anayehesabu nyavu. Ndiyo maana yeye na mume wangu waliweza kukaa pamoja bila mimi kuwa katikati.

Mguu ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Alipotoka hospitali alirudi Rusinga, kwenye boma analokaa kaka yangu mkubwa. Lakini kaka ni mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Hutoka giza likiingia, hurudi asubuhi akiwa hoi. Mke wake naye huuza hizo omena sokoni Mbita. Baba akawa anashinda peke yake na magongo yake mawili. Siku moja alianguka akienda chooni, akalala pale njiani juani mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita na mtungi wa maji akamwona. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilipopigiwa simu sikumaliza hata sketi niliyokuwa nashona. Nilitafuta gari nikaenda kumchukua.

Kwetu mzazi halali nyumbani kwa binti yake aliyeolewa. Ni aibu, na wengine wanasema ni mkosi. Kaka alinipigia siku ile ile.

"Unamlaza mzee kwa mkwe? Unataka watu waseme sisi hatuna nyumba?"

"Hao watu walikuwa wapi alipokuwa amelala juani?"

Akakata simu. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu wakati Baba akiwa hai.

Baba mwenyewe aibu ilimla. Wiki za mwanzo hakukubali kula meza moja na mume wangu. Nilimpelekea sahani chumbani, akala amegeukia ukutani. Mchana nilimtoa sebuleni nikamweka karibu na dirisha, lakini dirisha letu linatazama ukuta wa jirani. Mtu aliyeamka miaka yote hiyo akitazama maji sasa alikuwa anatazama matofali.

"Hapa mtu anaangalia nini?" aliniuliza siku moja. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli.

Mume wangu alikuwa akisikia kutoka jikoni. Mwezi haukuisha, akaja na pickup ya rafiki yake. Nyuma walikuwa wamefunga tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, na pembeni yake pipa la plastiki lililofunikwa kwa gunia. Ndani ya pipa kulikuwa na kitu kinachopiga.

Tangi lilikuwa limetoka kwenye baa moja mjini, ambako mume wangu alikuwa akitengeneza majokofu. Mwenye baa alikuwa anafunga biashara. Samaki aliyekuwa ndani ya pipa aliletwa Nairobi akiwa mdogo pamoja na wenzake, wakasafirishwa mpaka Migori kupamba kaunta. Aliwala wenzake wote. Walevi walikuwa wakigonga kioo kwa chupa ili wamwone akirusha mdomo. Mwenye baa alimwambia mume wangu amchukue, asipomchukua yeye atamkaanga.

Tulipomimina maji na kumwingiza, alizama chini akakaa kimya, akiwa mweusi wote. Baada ya saa kadhaa rangi yake ilirudi: mwili wa kijivu-dhahabu wenye mabaka meusi kama chui, na mdomo mkubwa uliojitokeza mbele, taya la chini likipita la juu. Meno yalionekana hata akiwa amefunga mdomo. Alikuwa mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalifuata mtu. Tukamwita chui.

Baba alijisogeza na gongo moja mpaka kwenye kioo. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni ndugu ya ngege," akasema. Ngege ndiye samaki wetu wa asili kule ziwani, mpole, mtamu. "Tazama pezi la mgongoni. Tazama ubavu. Lakini nani kampa mdomo wa mbuta?" Mbuta ni sangara, mla samaki wenzake.

"Wanasema anatoka Amerika, mzee," mume wangu akajibu.

"Amerika." Baba akatikisa kichwa. "Na yeye ameletwa kukaa ukweni."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitania tangu aje. Jioni hiyo alikula mezani.

Sitasema uongo, yule samaki alitupa miezi mizuri. Baba alipata kazi. Maji ya mfereji yana dawa, kwa hiyo aliyaacha yatulie kwenye mapipa kabla ya kubadilisha. Alimfundisha mume wangu kuisafisha mashine ya kuchuja bila kumwaga uchafu. Stima ikipotea, aliketi na jagi akichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, mpaka stima irudi. Alimlisha omena, minyoo, vipande vya samaki nilivyobakiza nikiandaa chakula. Akaanza kumwita mume wangu "ora", yaani mkwe wangu, kwa sauti ya mtu aliyeridhika na neno hilo.

Lakini samaki mwenyewe hakuwa na wema wowote. Alihamisha mawe usiku na mchana. Alikata mpira wa kupitisha hewa. Nikipita na kanga nyekundu alikuja mbio akagonga kioo kwa pua mpaka nikaacha kuivaa. Watoto wa majirani walikuja kumwona wakasimama mlangoni, hawakuingia.

Mume wangu alifikiri anahitaji mwenzake. Alipata ngege wawili hai kutoka kwenye bwawa la mtu, wakubwa wa kutosha, tukadhani ukubwa utawalinda. Aliwatia asubuhi akaenda kazini. Nilikuwa barazani nikishona, nikawa nasikia maji yakipiga mfuniko. Nilipoingia, mmoja alikuwa ameshakufa, anaelea na tumbo wazi. Wa pili alikuwa amejibana kwenye kona ya juu, mapezi yamebaki nyuzi, jicho moja halipo. Yule chui alikuwa anamwendea, anamuuma, anarudi nyuma, anapumzika, anamwendea tena. Hakuwa anamla.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mbele ya tangi.

"Baba, kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita. Cherehani ilikuwa inapiga kelele." Kisha akasema, "Ziwani samaki akipigwa ana pa kukimbilia. Humu hana. Mtoe, nyathina, mwanangu. Mtoe haraka."

Nilimtoa yule ngege kwa sufuria, lakini alikufa kabla sijafika mlangoni. Siku hiyo Baba hakumlisha yule chui. Kesho yake alimlisha.

Sijui ni lini hasa alianza kumlisha kwa mkono. Nadhani alianza nikiwa sokoni. Aliinua mfuniko, akashika kipande cha nyama ya samaki kwa ncha za vidole, akakizamisha kidogo, na yule chui akapanda polepole kutoka chini, akakichukua kwa adabu, akashuka. Nilipomwona nilipiga kelele. Baba akacheka.

"Ananijua."

"Hakujui. Anajua nyama."

"Haya, anajua nyama. Mimi pia wengi waliokuwa wananijua walijua samaki."

Mume wangu alimkataza, akamletea koleo la mti. Baba alilitumia tukiwepo.

Ikaja Jumamosi moja, wageni wakatoka kanisani wakapitia kwetu. Ni Wasabato wenzetu tunaosali nao, walikuwa wamesikia habari za samaki wa mzee. Baba alikuwa amevaa koti. Alinyoosha mgongo kwenye kiti, akafungua mfuniko mbele yao. Wageni walikuwa wengi na chumba kidogo, mama mmoja akasogea kwenye kioo na gauni lake la rangi kali. Yule chui hakupanda polepole. Aliruka. Mdomo ulipita nyama ukafunga kwenye kidole cha shahada, na kichwa kikajitikisa kushoto na kulia kama mbwa mwenye tambara, kisha akaachia.

Wageni walipiga mayowe. Baba alitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Damu ilikuwa ikishuka kwenye mkono wa koti.

"Haiumi," akasema, akicheka. "Nawaambia haiumi."

Na ilikuwa kweli. Sukari ilikuwa imeshavitia vidole vyake ganzi. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikamfunga kitambaa safi, nikataka twende kliniki. Alikataa. Alisema vidole vyake vimeingia midomo ya samaki wengi, kwamba mbuta amewahi kumpasua kiganja katikati ya ziwa akaendelea kuvuta nyavu. Siku zilizofuata alijifunga mwenyewe. Nikimwomba nione, alisema kimeshakauka, akatia mkono mfukoni. Alikuwa mzee wangu, sikuweza kumtoa mkono mfukoni kwa nguvu.

Harufu ndiyo iliyosema. Nilikuwa namwekea chai, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, nikasikia harufu ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, wodini, kabla hajakatwa mguu. Nilimshika mkono nikafungua kitambaa. Kidole kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo cha pili, na wekundu ulikuwa umepanda juu ya kiganja, umefika kifundoni.

"Baba."

"Nimeona," akasema. "Nina macho."

Kituo cha afya cha karibu walimtazama mara moja wakasema hospitali kubwa, leo hii. Mume wangu alikuwa ameshawasha gari la kuazima, akitaka kumpeleka hapo hapo Migori. Baba alishika mlango wa gari.

"Ora, sikiliza. Umenitunza kama mwanao. Lakini nipeleke Homa Bay. Nikifa, nife upande wa nyumbani. Usije ukasumbuliwa na ndugu zangu kwamba mkwe amefia kwako."

Mume wangu alinitazama. Tulijua kwamba njia ni ndefu na saa zina maana. Tulijua pia kwamba hatutamfungua mkono kwenye ule mlango. Tukaenda Homa Bay.

Hospitalini walimkata kidole. Kisha wakasema uozo umepita, wakakata mkono kwenye kifundo. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alinieleza kwamba vijidudu vya maji machafu vimeingia kwenye damu na sukari imevifungulia njia. Aliniuliza kilichomuuma. Nilipomwambia ni samaki, aliandika, akasita, akauliza tena, akaandika.

Kaka alikuja kutoka Rusinga. Alisimama mguuni pa kitanda, mahali ambapo mguu mmoja ulikuwa unainua blanketi na mwingine hauinui. Hakunisalimia. Baba alifumbua macho.

"Umevua?" akamuuliza.

"Kidogo, Baba. Omena wameadimika."

"Mm." Kisha akageuza kichwa kwangu. "Na yule amekula?"

Alikuwa anauliza habari za samaki. Nilimwambia mume wangu amerudi Migori na anamlisha. Kaka alivimba uso.

"Baba, nitaenda Migori nikamtoe huyo mnyama nikamkate kichwa."

Homa ilikuwa inampandisha Baba kifua.

"Mimi nimeua samaki maisha yangu yote," akasema. "Yeye ameuma kidole kimoja. Usimkasirikie." Akapumzika. "Lakini msimtie mtoni. Hata akiwachosha. Mto wa Migori unaingia ziwani. Mnakumbuka fulu?"

Tulikuwa tunakumbuka alichotusimulia. Fulu ni visamaki vidogo, vya rangi nyingi, vilivyojaa ziwani alipokuwa kijana. Mbuta walipoletwa na kuongezeka, wakavimaliza karibu vyote, na wavuvi wakaona nyavu zikibadilika msimu hadi msimu.

"Hatutamtia," kaka akasema.

"Mengine fanyeni mnavyotaka."

Alikufa mchana, wakati wa kuwaona wagonjwa, wodi ikiwa imejaa watu wenye vyombo vya chakula. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anacheka na wajukuu zake. Mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta maji ya kunywa. Kaka ndiye aliyekuwa amemshika mkono uliobaki.

Tulimzika Rusinga, ndani ya boma lake, kama alivyotaka. Mume wangu alichimba kaburi pamoja na wengine, akachimba kuliko wengine, na bado nilisikia wanawake jikoni wakinong'ona. Mmoja aliniuliza uso kwa uso kama ni kweli yule mnyama alikuwa anaongea. Nilimjibu kwamba samaki haongei, na kwamba aliyemlisha Baba, akamwosha, akambeba mgongoni kwenda msalani alikuwa ni huyo Mkuria wanayemnong'ona. Akainama akaendelea kumenya viazi.

Tuliporudi Migori, samaki alikuwa na njaa. Jirani tuliyemwachia aliogopa kufungua mfuniko. Niliposimama mlangoni alikuja mbio mpaka kwenye kioo, akafungua na kufunga mdomo. Nilimtupia omena. Sikuhisi chuki. Nilihisi uchovu tu, na nilichukia ule uchovu kwa sababu nilitaka chuki. Mume wangu alikuwa akitoka kazini anapitia mlango wa jikoni ili asipite sebuleni. Hatukukaa tena pale. Wageni waliokuja kutoa pole niliwaweka barazani.

Siku zikaenda hivyo, mpaka kaka akaja. Hakuwa amepiga simu. Nilikuwa nashona, nikamwona amesimama getini na mfuko wa omena kavu, kama mtu asiyejua kama amefika nyumba yenyewe.

"Nimekuja kuchukua magongo ya mzee na koti," akasema.

"Ingia."

Aliingia. Nilimwonyesha chumba ambacho Baba alilala, kitanda, dirisha, ile ndoano aliyotundikia kofia. Alishika koti akakuta doa la damu kwenye mkono, sikuwa nimeweza kulitoa. Kisha akaenda sebuleni mwenyewe. Akaketi kwenye kiti cha Baba. Yule chui akapanda, akaja usawa wa uso wake.

Alikaa pale mpaka chai yake ikapoa.

"Mzee alikuwa anakaa hapa siku nzima?"

"Siku nzima."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anakutaja. Upepo ukibadilika alikuwa anasema, leo huyo hatapata kitu, heri asitoke."

Kaka akainuka. Nilidhani anataka kuondoka. Aliinua mfuniko akaanza kukunja mkono wa shati, na nikaelewa kwamba anataka naye aumwe, kabla mkono haujagusa maji. Nilimrukia. Nilifunga mfuniko kwa mikono yote miwili, nikabana kidole changu mwenyewe, nikapiga kelele kwa Kijaluo, lugha ambayo ile sebule haikuizoea. Nilimwambia sitazika mwingine. Nilimwambia kama anataka kuadhibiwa aende kanisani.

Aliketi sakafuni, mtu mzima, mwenye watoto wanaosoma sekondari, akalia mpaka mabega yakawa yanagonga kabati. "Alilala juani," alikuwa anasema. "Alilala juani mimi nimelala ndani. Nilikuwa nimelala ndani, dada. Sikumsikia." Sikuwa najua hilo. Nilikuwa nimedhani siku ile hakuwepo. Niliketi karibu naye.

Mume wangu alipofika alitukuta tukiwa tumekaa hivyo. Alimsalimu kaka kwa heshima, akaketi kochini, mahali ambapo hakuwa ameketi tangu mazishi. Tukaamua wote watatu. Hakuna tuliyemjua wa kumpa, na mtoni tulikuwa tumekatazwa. Kuendelea kumtazama hatungeweza. Kaka akasema yeye atafanya, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Mume wangu alizima mashine. Walitoa maji mpaka yakabaki kidogo, samaki akawa amelala ubavu, anapiga mkia, mabaka yake yakigeuka meusi. Kaka alimfunika kwa gunia lililoloweshwa, akamshika nyuma ya kichwa kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akaingiza kisu mara moja, pale pale ambapo Baba alikuwa akiingiza chake akiua samaki. Alinawa kwa sabuni, akanawa tena, nikamletea maji mengine akanawa.

Hatukumla. Tulimfukia nyuma ya nyumba, shimo refu mbwa wasifukue. Jioni ile kaka alikula mezani pamoja na mume wangu, ugali na omena aliyoleta, bila mazungumzo mengi. Wakaulizana habari za mvua. Asubuhi akaondoka na magongo yamefungwa kwenye koti.

Tangi tulilitoa nje, mume wangu akalivunja kioo kimoja kimoja, kwa uangalifu, akavitia kwenye gunia. Zulia chini yake lilikuwa limeoza kwa maji na kushika harufu ya ziwa. Nililisugua, nikalianika juani siku nyingi. Mwishowe nilikata kile kipande nikakitupa, nikashona ukingo upya, na sebule ikabaki na zulia fupi lisilofika ukutani.